Tumepima masomo ya kwendea baharini na zizini

Anayetaka kusomea bayolojia ya bahari au sayansi ya wanyama huwa ameshachagua bayolojia kabla hajaulizwa, na hapo hakosei. Makosa huja kwenye nafasi mbili tatu za masomo zinazobaki. Hujazwa kwa kufuata marafiki, kwa kukimbilia somo linalosifika kuwa jepesi, au kwa kuvutwa na jina lenye harufu ya chumvi. Tumeyapima masomo hayo kwa swali moja tu: likishafika chuoni, linafanya kazi gani? Kwa swali hilo kemia inashika nafasi ya kwanza, hesabu ya pili, na bayolojia yenyewe ya tatu.

Bayolojia kuwa ya tatu itawaudhi wengi. Lakini wahadhiri huanza kuifundisha upya tangu seli, wakati kemia na hesabu huchukuliwa kuwa umekuja nazo. Aliyekosa sura moja ya bayolojia ataisoma wiki mbili akafidia. Aliyekosa moli, kipimo ambacho kemia huhesabia chembe, hafidii kwa wiki mbili.

Chukua kazi ambayo mwanafunzi wa bahari huipata mapema: kupima oksijeni iliyoyeyuka kwa njia ya Winkler, ya mwaka 1888, ambayo bado hutumika kuhakiki vipimo vya vifaa vya umeme. Chupa hujazwa maji hadi yafurike, isibaki hewa ndani. Hutiwa chumvi ya manganizi, kisha alkali yenye ayodaidi. Mashapo yakiwa ya kahawia, oksijeni ipo. Yakiwa meupe, hakuna. Ukitia asidi ya salfuriki mashapo huyeyuka na ayodini hutoka, nayo ndiyo unayoifanyia titresheni, yaani kuipima kwa kudondoshea kimiminika cha nguvu inayojulikana, hapa thayosalfeti. Moli moja ya oksijeni hulingana na moli nne za thayosalfeti, kwa hiyo ukiwa na sampuli ya mililita 200 na thayosalfeti ya 0.025 M (moli kwa lita), kila mililita inayoshuka kutoka kwenye bureti, bomba la kupimia lenye koki, ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Huo ndio uzuri wa njia hii. Ubaya wake ni kwamba haisamehe mkono mzito. Povu moja la hewa likibaki kwenye chupa, maji yasiyo na oksijeni yataonekana yana uhai. Wanga, unaoonyesha ayodini kwa rangi ya buluu, nao utiwe mwishoni, maji yakishakuwa ya njano hafifu, kwani ukitiwa mapema huing'ang'ania ayodini, rangi ya buluu ikagoma kuondoka, na huoni tena pa kusimamia. Mwanafunzi aliyefanya titresheni shuleni mpaka akaichoka huimaliza kazi hii huku akipiga soga.

Upande wa mifugo kemia haipungui. Ng'ombe hali nyasi kwa maana tunayoidhani. Vijidudu vya kwenye rumeni, chumba kikubwa cha tumbo lake, ndivyo vinavyozichachusha na kumpa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki, naye huishi kwa hizo. Mpe nafaka nyingi kwa ghafla: asidi ya laktiki hurundikana, pH, kipimo cha uasidi kinachoshuka asidi ikizidi, inayokaa kati ya 6 na 7 huporomoka chini ya 5.5, naye huugua. Asiyeijua pH atakariri kuwa nafaka nyingi ni mbaya, ila hatajua kwa nini kubadilisha lishe kidogo kidogo kunamwokoa.

Hapo hesabu huingia bila kubisha hodi. Maji ya juu ya bahari yalikuwa na pH ya 8.2 hivi kabla ya enzi ya viwanda. Sasa ni 8.1 hivi. Tofauti ya 0.1 inaonekana si kitu hadi ukumbuke kuwa kipimo hicho ni cha logi, kila hatua moja ni mara kumi: 10 kwa kipeo cha 0.1 ni 1.26, yaani ioni za hidrojeni zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Ioni hizo hunyang'anya kaboneti ambayo chaza na matumbawe huijengea.

Hesabu nyingine za fani hizi ni nyepesi kwa sura na nzito kwa matokeo. Unataka kujua samaki wangapi wamo kwenye bwawa: unawavua 60, unawatia alama, unawarudisha. Baadaye unavua 50 na kukuta 12 wana alama. 60 mara 50 gawa kwa 12, ni samaki 250. Sasa tuseme kati ya hao 50 wawili walikuwa na alama zikadondoka. Utahesabu 10 badala ya 12, na jibu litaruka hadi 300. Samaki 50 wamezaliwa kwenye karatasi. Kwa sayansi ya wanyama mfano wake ni mraba wa kuchanganya lishe. Una mahindi yenye protini asilimia 9 na mashudu ya soya yenye 44, unataka chakula chenye 16. Toa kwa mshazari: 44 kutoa 16 ni sehemu 28 za mahindi, 16 kutoa 9 ni sehemu 7 za mashudu. Kwa kilo 100 ni kilo 80 na 20. Kosa la kila mwaka ni kusahau mshazari, mtu akaweka 28 kwenye mashudu, kisha akashangaa chakula kimekuwa ghali na protini imepitiliza.

Kwa hiyo shule ikikupa nafasi ya kuchagua kati ya takwimu na mekanika ndani ya hesabu, chukua takwimu. Isipokuwa unalenga mikondo na mawimbi yenyewe. Huko utahitaji kalkulasi na mekanika, na fizikia juu yake.

Fizikia tunaipa alama nzuri kwa bahari, za wastani kwa mifugo. Shinikizo huongezeka kwa takribani angahewa moja kila mita 10 za kina, mwanga mwekundu hufa kabla ya wa buluu, na sauti hukimbia majini mita 1500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.2, kina ni mita 150. Anayesahau kugawa kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, ataandika 300.

Jiografia ni chaguo la nne linalostahili, hasa kwa ramani na kupwa na kujaa kwa maji. Kilimo kinamsaidia sana wa mifugo katika mwaka wa kwanza, lakini kisichukuliwe badala ya kemia. Sayansi ya bahari kama somo la shule, pale lilipo, linafurahisha, na ndiyo sababu tunalitilia shaka. Linachukua nafasi ya somo gumu na kukufundisha mambo ambayo chuo kitayarudia. Lichukue juu ya kemia na hesabu, lisiziondoe. Na cheti cha kupiga mbizi si somo, kinasubiri.

Kabla ya kujaza fomu, fungua sifa za kujiunga za kozi tano unazozitaka na uziandike kwenye jedwali moja. Tenganisha masomo ya lazima na yanayopendekezwa. Angalia daraja la chini kwa kila somo, maana jumla nzuri yenye kemia iliyoanguka haimpitishi mtu. Hakikisha sifa ni za mwaka utakaoingia wewe. Ongeza kwenye jedwali kozi moja ya zoolojia au bayolojia ya jumla: wengi wanaofanya kazi baharini walianzia huko, bahari wakaiongeza kwenye shahada ya pili. Wa mifugo naye aongeze udaktari wa mifugo hata kama hautaki leo. Ni fani tofauti, kwani sayansi ya wanyama hushughulika na lishe, uzalishaji na kuboresha koo za mifugo, haitibu. Ila sharti lake la kemia huwa kali, na somo uliloliacha hulipati tena kwa kuomba radhi.

Mwisho uliza shule yenyewe kama kemia yake ina maabara inayofanya kazi. Uliza ni mara ngapi kwa muhula kila mwanafunzi anashika bureti kwa mkono wake, si kumtazama mwalimu akiishika.