Nimefuga nywele miezi minane hapa Mwanza, sponji ya buku tatu inasaidia au tunapigwa?

Mwangaluka wanangu wa Mwanza, na nyie wa mikoani mambo vipi. Leo sina kofia, mmeona eeh? Miezi kama minne mfululizo nilikuwa narekodi na kofia kichwani mpaka mkaanza kuniuliza kama nimeota kipara, jamani sio kipara, nilikuwa kwenye kile kipindi nywele sio fupi sio ndefu, ukijitazama kwenye kioo unaona uyoga umevaa tisheti.

Na huo uyoga una sababu yake. Mimi nilikuwa mtu wa fedi, pembeni chini kabisa juu zinabaki kidogo, sasa ukiacha kunyoa zote zinakua kwa mwendo mmoja, kama sentimita moja kwa mwezi hivi, ila hizi zetu za kipilipili zikikua hazilali, zinatoka nje, kwahiyo pembeni zikishafika sentimita mbili tatu kichwa kinapanuka masikioni na juu panaonekana pamekaa tu kama palivyokuwa. Urefu upo ila umejikunja. Ngoja nisogee kwenye kamera, huu hapa unywele mmoja wa mbele, nauvuta... umefika katikati ya macho. Naachia. Umeona ulivyorudi? Yaani nimeteseka miezi minane na mtu akinikuta barabarani anasema "kaka kanyoe".

Haya, mzigo wenyewe huu, sponji. Nimeinunua Makoroboi, machinga kaanzia elfu tano, nimemtoa kwa buku tatu. Nyeusi, upande mmoja laini upande mwingine una matundu, na hayo matundu ndo kazi yenyewe, nywele zinaingia mle ukizungusha zinajisokota zinatoka vidonge vidonge.

Siku ya kwanza nilikosea vibaya sana. Nimetoka kuoga nimejifuta nywele zimekauka kabisa, nikashika sponji nikasugua kama nasugua sufuria la ugali lililoungua, dakika kumi, nasikia krr krr krr nikajua ndo inafanya kazi. Nikaangalia kwenye sinki, vipande vya nywele kibao. Na hapa niwape kitu, unywele uliotoka wenyewe, uliofika muda wake, kwenye ncha moja una kidoti cheupe kidogo, ile ni ya kwenye shina. Vile vya kwangu havikuwa na kidoti hata kimoja, vilikuwa vifupi vifupi, maana yake nilikuwa nazikata mwenyewe kwa mkono wangu huku nalalamika hazikui.

Inavyotakiwa ni hivi. Unapulizia maji nywele ziwe nyevu sio kudondosha maji, unapaka mafuta kidogo, unaweka sponji juu bila kukandamiza, unazungusha upande mmoja tu, ukianza kulia ni kulia mpaka mwisho, ukibadilisha badilisha unafumua ulichosokota. Dakika tatu nne imeisha. Pembeni napita kidogo tu, juu ndo nakaa zaidi. Na hapo ndo ule uyoga unakufa, kwasababu juu panapata shepu, mtu akiangalia anaona umekusudia.

Kwahiyo mwezi wa pili mpaka wa tano wa kufuga hii kitu imeniokoa, naipa nane kwa kumi bila kujiuliza. Ila baada ya hapo nywele zikiwa ndefu inaanza kukusaliti, inatengeneza mafundo kwa chini, huyaoni mpaka siku unapitisha chanuo machozi yanatoka. Na ukiendelea kila siku bila kuchana vile vidonge vinaanza kushikana, watu wengine wanaanzishia dredi hivyohivyo, kama ndo unachotaka sawa, mimi bosi wangu asingenielewa. Saizi naipa tatu.

Kuna watu wataniambia bro wewe paka tu mafuta ya kukuza. Nimepaka! Nilinunua kichupa elfu kumi na tano, jina sitaji, ndani inanukia mdalasini na vitunguu, ukipaka ngozi inawasha hivi unajisemea zinakuja zinakuja. Haziji. Unywele unatengenezwa chini ya ngozi kwenye shina, ule ulioko nje umeshakufa, mafuta yanaweza kuulainisha usikatike, basi, ila ukishaacha kukatika unaona kama umekua kumbe tu umebaki. Hiyo kazi mafuta ya nazi yanafanya kwa bei ya chini na hunuki mboga.

Kilichonishangaza ni glisarini. Ile ile ya duka la dawa, tunayopaka miguuni. Kifuniko kimoja kwenye chupa ya kupulizia ya nusu lita, jaza maji, tikisa. Inavuta unyevu na kuushikilia kwenye nywele. Sasa sikilizeni vizuri kwasababu hapa wengi wanaichukia bure, hewa ikiwa kavu, mfano mwezi wa saba huku, kile kiupepo, vumbi, hakuna mvua, glisarini haina cha kuvuta hewani inaweza kuanza kunyonya maji kwenye nywele zako zenyewe, unaishia mkavu kuliko ulivyoanza. Ndo maana juu yake lazima ufunge na mafuta. Maji kwanza, mafuta baadaye. Ukipaka mafuta ya mgando kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani, na ndo tunachofanya toka tuko shule ya msingi. Ukizidisha glisarini nayo inanata, nilishapanda daladala ya Igoma nimekaa dirishani nikashuka na kichwa rangi ya udongo.

Na sabuni ya mche acheni, ile ni ya nguo.

Sasa kinyozi. Aisee. Mwezi wa tatu wa kufuga nikasema shingoni pamekuwa pori, niende nikachongwe tu. Nikamwambia kaka, chonga laini, shingoni na hapa kwenye masikio, juu usiguse. Akasema "nimekuelewa mzee". Feni inapuliza, mashine inaimba, nikasinzia. Nakuja kushtuka pembeni zote hazipo, kapandisha mpaka juu ya kipaji, ana furaha kabisa ananionyesha kioo, nina kiduku! Nimelipa na nikasema asante. Tangu siku hiyo namuonyesha kwa kidole, mwisho wako hapa na hapa, na silali hata kama nimetoka shifti ya usiku. Ila wazo lenyewe la kuchonga shingo na masikio msiliache, kila wiki tatu hivi, hicho ndo kinachomtofautisha anayefuga na aliyekosa hela ya saluni.

Chanuo, meno mapana, nywele zikiwa na maji, anzia nchani ushuke kwenye shina. Buku tu.

Helmeti ya bodaboda ndo adui, unatoka Buzuruga una shepu unafika mjini juu pamelala pembeni pametokeza, uyoga umerudi umegeuzwa. Na ile ya abiria imevaliwa na watu wangapi? Mimi natembea na kitambaa cha satini mfukoni, nimekikata kwenye gauni la zamani la dada, nafunga kwanza ndo navaa helmeti, usiku nalalia hichohicho kwasababu foronya ya pamba inanyonya mafuta na kukwangua nywele. Mara ya kwanza Mama kaniona nacho asubuhi akakaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "Baba, huko kazini kwenu kuna shida gani?"

Kitu cha mwisho kuhusu sponji, usiazimishe. Msela wako akiwa na mapunye au chochote cha kuambukiza, yale matundu yanabeba na kukuletea. Ioshe kwa shampuu kila wiki, ianike juani, ukiona imeanza kumeguka tupa.

Hii ya kwangu nilitaka nimpe mdogo wangu naye kaanza kufuga, lakini ndo hivyo nimeshawaambia haziazimishwi, atanunua yake. Nimeiweka juu ya friji siku ya tatu leo sijaigusa, na Mama jana kaipitia, kaigeuza geuza, kaniuliza kama hii upande wa matundu unatoa masizi.