Darasa la Isaya, Majengo Moshi: nenda kwa ajili ya kipindi cha tatu

Vipindi vinne vya jioni, saa moja na nusu kila kimoja, ukumbi wa kanisa, Majengo. Kuingia bure, kitini shilingi 2,000. Mada ni unafiki wa Sayuni, yaani Yerusalemu, na moto ulao, Isaya 28 hadi 33.

Uzuri wake ni kwamba mwalimu haanzii 33:14, penye swali la nani awezaye kukaa na moto ulao. Anaanza na zile "ole" sita. Tano zinawapiga wa nyumbani: walevi wa Efraimu, ufalme wa kaskazini (28:1), Arieli, yaani Yerusalemu (29:1), wanaomficha Bwana mashauri yao (29:15), watoto waasi (30:1), na wanaoteremkia Misri kutafuta farasi (31:1). Ya sita (33:1) inamgeukia mharibifu wa kigeni, ambaye wengi humwona ni Senakeribu wa Ashuru, aliyeivamia Yuda mwaka 701 KK. Msikilizaji anashusha pumzi, leo zamu ya jirani. Kumbe mstari wa 14 unamrudia yeye: wanaotetemeka wako Sayuni humo humo. Wahubiri wa mikutano ya nje huuchomoa mstari huu peke yake, ndiyo maana kwao haumchomi mtu.

Kipindi cha tatu ni mstari wa 15, na hapa darasa linalipa. Moto ule wengi huuita jehanamu. Soma jibu basi: awezaye kukaa nao ni mwenye haki, akung'utaye mikono asipokee rushwa. Jehanamu gani hiyo ya wenye haki? Moto ni Mungu mwenyewe akiwa karibu. Tena katika masharti yale hakuna sadaka wala kufunga. Ni mdomo, mikono, masikio, macho. Mwalimu anayapanga kando ya Zaburi 15, kisha anafungua Amosi 8:5, efa iliyopunguzwa. Efa ni kipimo cha nafaka, kama lita 22, debe na ziada kidogo. Mkulima aliyewahi kufungiwa lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, hahitaji maelezo zaidi.

Kipindi cha nne kinalegea. Isaya 6 inakimbizwa, na halisemwi lililo kubwa: aliyelia "ole wangu" mbele ya utakatifu ni nabii mwenyewe, na kaa lililogusa midomo yake lilitoka madhabahuni.

Kitini usinunue, fotokopi imefifia na nukuu nyingi hazina namba za mistari. Beba tafsiri mbili za Biblia, Union Version pamoja na Habari Njema, maana sura ya 33 katika Union ni nzito, na uwe umeshasoma sura zote sita. Asiyesoma atapotea kipindi cha kwanza tu, mwalimu hasubiri mtu.