Tahadhari kwa wanunuzi wa kompyuta za mezani: aliyeniuzia alijua kuwa mashine ikilazwa haiamki

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nimechelewa wiki tatu kuliandika jambo hili kwa sababu ya haya. Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu skulini kila siku wasinunue kitu bila ya kukijaribu, na ni mimi huyo huyo niliyetoka Chake Chake, nikavuka bahari hadi mjini Unguja, nikahesabu shilingi 450,000 taslimu mbele ya mtu aliyekuwa akijua fika kasoro ya kile anachoniuzia.

Nilihitaji kompyuta ya kuchapia mitihani ya wanafunzi wangu, badala ya ile ya zamani. Nilifika dukani kwake, pande za Darajani, kabla ya Adhuhuri. Sipiyu, yaani kile kisanduku chenyewe cha kompyuta, ilikuwa imeshawashwa na imewekwa juu ya meza, safi, imefutwa vumbi kwa nje. Alinifungulia Word, akanichezea qaswida kwenye spika, akanionesha ukurasa unaoeleza kuwa mashine ina RAM, yaani kumbukumbu ya kazi zilizo wazi, ya GB 8, nami nikaupiga picha ukurasa huo kwa simu ili nimuoneshe mume wangu. Kisha nikauliza swali ambalo leo kila nikilikumbuka nafsi yangu hutaabika. Nilimuuliza: "Nikiiacha nikaenda kusali, italala yenyewe?" yaani ijipumzishe bila ya kuzimika, kazi zangu zibaki wazi. Akaniangalia kwa upole, akajibu: "Mwalimu, kulala ni mambo ya laptopu. Hii ya mezani ukimaliza kazi unaizima." Papo hapo akashika maus, akanifungulia sehemu ya kuzimia, na kweli mlikuwa na mambo mawili tu, kuzima na kuwasha upya. Neno la kulaza halikuwamo. Niliamini kwa kuwa nililiona kwa macho yangu, kumbe alikuwa ameliondoa kwa mkono wake kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuliondoa na kulirejesha.

Wapo watakaosema kwamba nilikuwa mjinga, nami nawaomba wasikilize kwanza. Nilipohesabu fedha nilikosea, nikampa noti moja ya elfu kumi zaidi. Alizihesabu mara mbili, akaitoa ile noti na kunirudishia, akaniambia kuwa mama yake pia alikuwa mwalimu na kwamba hawezi kula jasho la mwalimu. Adhana ilipotoka alifunga duka akaenda kusali, akanikalisha barazani na kuniagizia soda. Mtu anayekurudishia elfu kumi ambayo hujui kuwa umeipoteza, utamshuku kwa lipi? Nilipokuwa nikiondoka alinionesha kijiti kidogo cha waifai, mfano wa flashi, kilichokuwa kimechomekwa nyuma ya sipiyu, akasema kuwa hicho ni zawadi yangu. Nilimuombea dua. Wallahi nilimuombea dua pale mlangoni, na ndani ya boti nikaipakata ile sipiyu kama mtoto mchanga hadi Mkoani.

Siku ya nne nilikuwa nikichapa mitihani ya majaribio ya Kidato cha Pili. Kibodi yangu ni ile ile ya zamani, nayo ina kitufe chenye alama ya mwezi. Ilipoadhiniwa Magharibi nilikibonyeza kwa mazoea. Skrini ikazimika, feni ikanyamaza, na mimi nikafurahi kuona kuwa kumbe ya mezani nayo inalala. Niliporudi nikagusa kibodi. Feni ikavuma kwa nguvu, skrini ikabaki nyeusi kwa muda mrefu, kisha ikageuka buluu tupu na kuandika DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, halafu mashine ikajiwasha upya yenyewe. Katika mtihani wote nilioukaa nao tangu asubuhi, nilichokikuta ni maswali niliyokuwa nimeyahifadhi asubuhi.

Nilimpigia simu. Hata sijamaliza kueleza akasema: "Hiyo ni mazabodi, imepigwa na umeme wa huko kwenu Pemba." Alikusudia bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani. Nilimwambia kuwa natumia kilinda umeme na kwamba siku zile umeme haukukatika hata mara moja, akaapa kuwa ameshaziona nyingi za namna hiyo. Alitaka shilingi 130,000 za mazabodi mpya. Nilizituma, na sipiyu nikaipeleka kwa boti kwa nauli yangu. Ilikaa kwake siku tisa. Iliporudi ilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu "mazabodi mpya". Usiku ule ule nikailaza, nikaiamsha, na buluu ikarudi kama ilivyokuwa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Siku ya pili namba yangu ilikuwa imeshafungiwa.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa ndugu yangu anayesoma chuo kikuu cha SUZA. Alinieleza kuwa kompyuta inapolala haizimiki yote: RAM huendelea kupewa umeme kidogo ili ihifadhi kazi iliyokuwa wazi, na vifaa vingine hukatiwa. Inapoamka, kila kifaa hurejeshwa na dereva yake, yaani programu inayokiendesha, na dereva ya kifaa kimoja ikishindwa kumaliza kazi hiyo kwa wakati, Windows hujisimamisha na kuandika ripoti ya ajali. Ripoti hizo huwekwa katika folda ya Minidump iliyomo ndani ya folda ya Windows. Akaifungua. Zilikuwamo ripoti 17, na 14 kati ya hizo zilikuwa na tarehe za kabla ya mimi kuinunua. Alipofungua Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio ya mashine, tarehe zile zile zilikuwamo pia, kila moja ikiwa na tukio namba 41 la Kernel-Power, yaani mashine kujiwasha upya bila ya kuzimwa vizuri, na kosa namba 159, ambalo ndilo 0x9F kwa hesabu ya mashine, ndilo lile lile la skrini ya buluu. Ndugu zangu, mashine ilijisimamisha mara 14 ikiwa mikononi mwake, ndipo akakaa akaliondoa neno la kulaza ili mimi nisilione.

Kilichosababisha yote ni dereva ya kile kijiti cha waifai, ile zawadi. Kijana alikichomoa, akaiondoa na programu yake, kisha tukailaza na kuiamsha mara ishirini usiku ule, na mara zote iliamka na kazi zangu zikiwa wazi kama nilivyoziacha. Kwa hiyo mazabodi haikuwa na ubaya wowote. Wala haikubadilishwa: tulipofungua kifuniko, vumbi lilikuwa limeganda juu ya skrubu zake zote, hakuna bisibisi iliyozigusa. Kilichobadilishwa ni RAM. Picha yangu ya simu inaonesha GB 8, na sasa imo GB 4 peke yake, kipande kimoja, na nafasi ya pili iko tupu. Nilimlipa shilingi 130,000 aniibie.

Nimelia kwa jambo hili. Siyo fedha peke yake. Ni ule upole. Ni kunitajia mama yake. Mtu wa namna hii asiachiwe kuendelea kufungua mlango wa duka kila asubuhi na kuwakaribisha watu. Leseni yake ya biashara ifutwe, arudishe fedha na RAM za wote aliowafanyia hivi, na ashitakiwe kwa wizi, kwa sababu kuchukua kipande cha RAM ndani ya mashine uliyokabidhiwa kuitengeneza ni wizi na hakuna jina jengine. Wanaonishauri nimsamehe kwa kuwa ni kijana na ana watoto, nawaambia kuwa mimi pia nina watoto, na wale wanafunzi waliokosa mtihani kwa wakati ni watoto wa watu.

Dalili zilikuwapo na sikuziona. Alinionesha mashine ikiwa imeshawashwa na hakuizima akaiwasha tena mbele yangu hata mara moja. Risiti aliyonipa ilikuwa haina namba ya mashine. Mkienda kununua, shikilieni ilazwe mbele yenu, mngoje dakika tano au kumi, kisha muiamshe, na akisema kuwa ya mezani hailali, ondokeni. Fungueni pia ile folda ya Minidump mtazame tarehe. Na kama mnaipeleka kwa fundi, ifungueni kwanza mpige picha vilivyomo ndani, RAM hasa. Nyengine nitaziongeza nikizikumbuka, kwa sasa nimechoka na hasira zimenijaa.

Jina lake sitaliandika hapa mpaka malalamiko yangu yapokelewe. Jumatatu, inshaallah, navuka tena kwenda kuyafikisha katika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na baada ya hapo polisi. Nachukua sipiyu yenyewe, picha ya GB 8, nakala za ripoti zote 17, kile kikaratasi cha "mazabodi mpya" na kijiti chake cha waifai. Kama yupo mwengine aliyenunua pande zile, awe wa Wete, wa Mkoani au wa Unguja, na kompyuta yake haina neno la kulaza, naomba anitumie ujumbe kabla ya Jumapili usiku ili twende na malalamiko yetu pamoja.