Rili ya Kufunguka ya Milimita 16: Uzoefu Wangu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia rili ya alumini ya mtumba, yaani gurudumu la kuzungushia mkanda wa filamu, ile ambayo mabamba yake mawili hufungana kwa hesi. Inabeba futi 400 za mkanda wa filamu wa milimita 16, yaani takriban dakika 11 za picha kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde.

Niliinunua baada ya hasara ambayo bado inaniuma. Miongoni mwa mikanda aliyotuachia marehemu baba, ambaye alikuwa akionyesha sinema vijijini, mmoja ulikuwa umezungushwa kwenye kitovu cha plastiki tu, yaani kile kipande cha mviringo cha katikati, bila bamba la kuukinga ubavuni. Niliuinua kwa kushika ukingo, katikati ikadidimia kama faneli, na punde mkanda wote ukamwagika sakafuni. Kuuzungusha upya kulinichukua siku mbili, na mikunjo iliyoingia siku hiyo haijatoka.

Rili hii huondoa hatari hiyo, mradi ifungwe na kufunguliwa ikiwa imelala mezani. Naliweka bamba la chini, nausogeza mkanda juu yake nikiushikilia kwa chini kwa viganja viwili, nahakikisha kijino cha rili kimeingia kwenye mfereji wa kitovu, ndipo nalikaza bamba la juu taratibu. Anayeifungua ikiwa imesimama ataipata hasara niliyoipata mimi.

Hesi ndizo za kuchunguzwa kabla ya kulipa. Wiki ya kwanza nilisikia mkwaruzo hafifu nikizungusha. Niliposimama, nikakuta hesi zimepandana, bamba limekaa upande, na ukingoni mwa mkanda pana vumbi jeupe. Tangu hapo huizungusha kwanza ikiwa tupu, na ikiyumba huifungua na kuifunga upya.

Mkanda uliolegea usikazwe kwa kuvuta ncha yake, kwani mizunguko husuguana na kuikwaruza picha. Uzungushwe upya, kwa mvuto usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho.

Bei yake niliiona kubwa, lakini rili hii moja inaihudumia mikanda yangu yote kumi na minne, ambayo hurudi kulala juu ya vitovu vyake, kila mmoja kwenye kopo lake. Ule ulioanza kunuka siki, dalili ya mkanda kuanza kuharibika, nimeutenga kwenye kabati jingine, na ndio utakaotangulia kunakiliwa.