Nimelipia jina langu, likaandikwa lao

Nianze na nyota ninazoipa kampuni iliyoniuzia jina la tovuti, ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa: mbili. Nilitaka kuandika tatu, maana seva yao, ile kompyuta inayobeba tovuti, inafanya kazi, hilo siwezi kuwanyima. Ila kila nikimkumbuka yule bwana wa kaunta naona hata mbili nimekuwa mkarimu mno.

Kampuni siitaji. Iko katikati ya Kampala, ghorofani, na inauza kitu inachokiita kifurushi cha mwanafunzi: jina la tovuti la .com, yaani anwani yake, pamoja na nafasi kwenye seva kwa mwaka mzima, laki na ushee, unalipa kwa simu na jioni hiyohiyo uko hewani. Nasomea usanifu wa tovuti, niko mwaka wa mwisho, na siku hizi ukienda kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini na bahasha ya vyeti wanakuangalia tu. Wanataka kiungo. Wanataka kuona tovuti yako mwenyewe, yenye jina lako. Basi nikalipa.

Tovuti yenyewe lazima niiseme kidogo, la sivyo mtadhani napiga kelele bure. Niliianza kwenye karatasi, kwa upana wa simu, kwa sababu hapa Uganda watu wanaingia intaneti kwa simu, na nyingi ni zile za kioo kidogo chenye ufa kwenye kona. Juu nikaweka jina langu na sentensi moja ya kazi ninayofanya. Chini yake kazi tatu. Wenzangu darasani walimwaga kila zoezi walilofanya tangu mwaka wa kwanza, mpaka kikokotoo cha kujumlisha na kutoa, halafu wakapachika picha zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa. Nani ana muda wa kungojea hayo? Mimi niliweka duka la vitenge la shangazi yangu Arua, ukurasa wa chama cha akiba cha waendesha boda wa Wandegeya, na zoezi moja la darasani nililolipenda kupita kiasi: ramani ya kumwonyesha mgeni ni upande gani wa Old Taxi Park, stendi ya mabasi madogo tunayoyaita taksi hapa Kampala, atapata taksi ya kwenda anakokwenda. Kila kazi nikaieleza: shida ilikuwa nini, nilijaribu nini kikakataa, nikaishia wapi. Anayetafuta mtu wa kazi anataka kujua unavyofikiri. Rangi kila mtu anaweza kuchagua.

Duka la vitenge ndilo la kujivunia. Wateja wengi wa shangazi wanatoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo, kwa hiyo kurasa zake ni za Kiswahili juu mpaka chini, bei, vipimo na namna ya kuagiza. Fomu ya mawasiliano niliitupa, nikaweka kitufe kinachofungua WhatsApp. Picha za vitenge zilitoka kwenye simu ya shangazi na megabaiti nne nne; nilizibana moja moja usiku hadi zikashuka chini ya kilobaiti 200, na ua la kitenge bado unaliona lilivyo. Hapa kwetu data ni ghali. Serikali ilianza mwaka 2018 na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, ikaiacha, na tangu Julai 2021 inakata kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Nikiweka picha nzito namlipisha mteja wa shangazi kabla hajanunua hata yadi moja.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa najisikia ilipopanda hewani. Nilikuwa naifungua kwenye taksi bila sababu yoyote.

Ilikaa wiki mbili hivi, tamu kabisa. Kisha asubuhi moja, siku ileile ambayo watu fulani wa Ntinda, niliowaomba nafasi ya mafunzo, walikuwa wameniambia wataipitia "leo leo", ikatoweka. Si kwamba ilikuwa nzito au picha zimekataa. Kivinjari kinakuambia hakuna anwani kama hiyo duniani. Nikajaribu simu ya mwenzangu wa chumba, nikabadilisha laini, nikashuka hadi kwenye duka la fotokopi nikaomba kompyuta. Hakuna kitu. Nikawaandikia kampuni kwa WhatsApp. Alama mbili zikageuka bluu, kimya. Baadaye sana likaja jibu moja: zima modemu uwashe.

Modemu gani? Nilipanda boda nikaenda mwenyewe.

Bwana wa kaunta alikuwa na rolex yake, chapati ya kuviringisha mayai, kwenye gazeti, anakula, na sina neno, saa ya kula ni saa ya kula. Mazungumzo yalikuwa Kiingereza na Luganda kwa zamu, nayaandika kwa lugha yangu.

"Ssebo, habari za saa hizi. Tovuti yangu imepotea."

Hakuinua macho. "Imepotea wapi?"

"Haifunguki popote."

"Hapa inafunguka."

"Basi ifungue na mimi nione."

Hakuifungua. Kompyuta iko mbele yake, kibodi ina mafuta ya chapati, ni kuandika jina tu, na hakuifungua. Akaniambia, "Nyinyi watoto wa shule mnachezea mambo yenu huko mkiyaharibu mnakuja kutupigia kelele. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

"Wote mnasema hivyo."

Hapo simu yangu ikalia, shangazi, naye amejaribu kumfungulia mteja kurasa za duka lake, zilizomo ndani ya tovuti yangu, akaona hakuna kitu. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa ufupi, kwamba niko palepale nalishughulikia. Yule bwana akacheka, akamgeukia mwenzake: "Kumbe huyu ni wa kambini! Afande, piga saluti." Wakacheka wote wawili. Wasomaji wa Uganda mnaujua wimbo huu, kwamba Kiswahili ni cha askari na wezi. Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini hebu jaribu kuongea na shangazi yako mbele ya kaunta ya ghorofani. Nilikuwa na maneno. Nilimeza, kwa sababu tovuti yangu iko mkononi mwake.

Aliyeniokoa ni kijana aliyetoka chumba cha nyuma, vipokea sauti shingoni, na nadhani alisikia kila kitu. Akasema tu, "Dada, njoo huku." Akafungua paneli yao, ukurasa wanaosimamia majina ya wateja, akaandika jina la tovuti yangu, akanigeuzia skrini bila kusema neno.

Mmiliki: jina la kampuni. Simu: ya kampuni. Baruapepe: ya kampuni. Mimi sikuwepo popote. Jina langu na la baba yangu ndiyo anwani yenyewe, lakini kwenye safu ya mwenye mali nimekosekana kabisa.

Akanieleza kwa sauti ya chini, na ndiye mtu pekee aliyenieleza kitu pale. Majina ya .com yako chini ya kanuni za ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia majina ya tovuti. Jina jipya likisajiliwa, msajili, yaani kampuni yenye idhini ya kuandikisha majina, anatakiwa kuthibitisha baruapepe au simu ya mmiliki. Anatuma ujumbe wenye kiungo, na usipojibiwa ndani ya siku 15 jina linasimamishwa. Ujumbe wa jina langu ulitumwa. Ulikwenda kwenye sanduku la kampuni, lile ambalo, kwa maneno yake, "hakuna anayelifungua". Siku zikatimia, jina likazimwa, siku ya Ntinda. Akautafuta ujumbe kati ya mamia, akabonyeza kiungo, tovuti ikaanza kurudi kabla sijamaliza ngazi. Hakuna modemu iliyowashwa wala kuzimwa.

Wangekuwa watu wa kawaida, hapo ningetoa nyota nne. Kosa hutokea, limerekebishwa, tuagane. Lakini niliuliza swali moja: kwa nini jina langu limesajiliwa kwa jina lenu?

Kijana akatazama upande wa kaunta. Bwana wa rolex ndiye aliyejibu, na sasa ameinua macho: "Ndivyo tunavyofanya kwa wanafunzi. Inarahisisha."

Inamrahisishia nani? Ni dalali aliyekuuzia kiwanja kisha hati akaiandika jina lake ili usisumbuke kwenda ofisi ya ardhi.

Nikaomba basi mniandike mimi. Kuna ada, akasema, na ada aliyoitaja ilizidi nusu ya kifurushi chote. Nikasema sawa, nipeni msimbo wa kuhamisha nijipeleke kwa msajili mwingine. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Jina jipya huzuiwa kuhama siku 60 za mwanzo, hilo ni kweli, nimelisoma. Baada ya hapo kanuni inasema mmiliki akiuomba msimbo lazima apewe ndani ya siku tano. Mmiliki! Na mmiliki kwenye karatasi ni wao. Yaani kanuni iliyowekwa kumlinda mnunuzi inawalinda wao dhidi yangu, na yule bwana alilijua hilo vizuri kuliko alivyoijua kazi ya kujibu wateja. Zilipopita siku 60 nikaandika, nikarudi, nikaandika tena. "Meneja hayupo." Meneja wa ghorofa ile sijawahi kumwona, nina shaka kama kuna mtu huyo.

Usidhani ungeligundua mapema wewe. Tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kutumika mwaka 2018, ukitafuta hadharani nani mwenye jina la tovuti mara nyingi taarifa zimefichwa, na mtu anaona ni kawaida. Dalili iko kwenye sanduku lako la baruapepe: ukinunua jina la .com kwa mara ya kwanza na ule ujumbe wa kuthibitisha haujakufikia wewe siku za mwanzo, uliza umekwenda kwa nani. Uliza kabla ya kulipa, na utake kuonyeshwa kwenye skrini, si kwa mdomo.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Baada ya siku ile tovuti haikuzimika tena hata mara moja, na ilifunguka haraka hata usiku ambao Kikoni nzima ilikuwa giza. Halafu kijana yuleyule wa nyuma akaniambia seva zenyewe ziko Ulaya, wanakodisha tu. Kwa hiyo hata sifa hiyo sijui nimpe nani.

Watu wa Ntinda walijibu. Walisema wamefungua kiungo asubuhi, hakikufunguka, na wameshapata mtu. Kwa upole, sina ugomvi nao. Mwanafunzi wa tovuti asiyekuwa na tovuti, hata mimi nisingemwita.

Nilichofanya ni kununua jina lingine, safari hii kwa msajili mwenyewe, kwa baruapepe yangu, na ujumbe wa uthibitisho ulinifikia kabla chai haijapoa. Nimeliweka jina la bibi yangu katikati ili litofautiane na lile la zamani. Kurasa nimezipeleka GitHub Pages, huduma ya mtandaoni ya kuweka tovuti, maana tovuti kama yangu, isiyo na hifadhidata nyuma, inakaa pale bila malipo, na cheti cha usalama unapewa palepale. Nikabadilisha kiungo kwenye wasifu, kwenye WhatsApp, kwenye kadi chache nilizokuwa nimechapisha Nasser Road, ambazo nilizirekebisha kwa kalamu na zinaonekana vibaya sana. Shangazi bado anawapa watu anwani ya zamani. Nimemweleza, anasema, "Mwanangu, hilo jina la kwanza si ndilo lako?" Sasa nimjibu nini?

Na juzi wamenitumia ujumbe wa simu: "Mpendwa mteja, jina lako linakaribia kuisha, lipia sasa." Jina lako! Siku ya kuomba msimbo lilikuwa lao, siku ya kulipa limekuwa langu. Silipi. Nimesoma linavyokufa: muda wa mwisho ukipita kuna kipindi cha kusubiri, kisha siku 30 ambazo kulikomboa kuna faini nzito, kisha siku tano, halafu liko wazi kwa yeyote atakayewahi. Wakitaka wajilipie wenyewe wakae na jina la baba yangu ghorofani kwao. Wakiliacha, nitakuwa macho.

Zile nyota mbili za juu nimezifikiria upya wakati naandika. Moja naiondoa. Iliyobaki ni ya kijana wa chumba cha nyuma, kampuni haina sehemu ndani yake, na akiacha kazi pale mwenye habari anitumie ujumbe niifute na hiyo.