Erlang kwa mashine za mashambani Tanga: nzuri, ila ina masharti

Mwenye mfumo uliotawanyika Tanga mjini, Muheza na Korogwe anajua adha ya kubadilisha programu: ukizima kompyuta ya mizani, marobota ya singa za mkonge yanarundikana kiwandani. Kwa kazi hii naipendekeza Erlang, lugha ya kuandikia programu, bila kusita. Ilianzia Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, ikatolewa bure kwa umma mwaka 1998.

Unaikompaili moduli (kipande cha programu, hapa kinaitwa `mizani`) Tanga, yaani unaigeuza iweze kuendeshwa na mashine, kisha unaandika amri `nl(mizani).`, nayo inasambaa kwenye nodi zote zilizounganishwa, yaani Erlang zinazoendeshwa kwenye kompyuta za kila kituo, bila kuzima chochote. Utamu wenyewe ndio huo. Ila `nl` haikuletei majibu ya nodi za mbali. Heri `rpc:multicall` (kuziamuru nodi nyingi kwa pamoja) pamoja na `code:load_binary` (kupakia msimbo), maana inarudisha jibu la kila nodi na kutaja zisizofikika. Pia msimbo unaingia kwenye kumbukumbu tu, si kwenye diski. Umeme ukikatika Korogwe, mashine itawaka na toleo la zamani, kwa hiyo nakili na faili la `.beam`, lenye moduli iliyokompailiwa, kwenye diski ya huko.

Kila nodi hubeba hadi matoleo mawili ya moduli, jipya na la zamani. Mchakato (kazi inayoendelea ndani ya nodi) unaojiita tena kwa `zunguka(Hali)` hubaki kwenye la zamani. Ukiandika `mizani:zunguka(Hali)` unahamia jipya. Wengi hukwama hapa: toleo la tatu haliingii mpaka la kwanza lifutwe, na `code:purge` huua kila mchakato uliobaki humo. Anza na `code:soft_purge`, ambayo hugoma kufuta kama bado kuna anayelitumia.

Kutuma `fun`, yaani kitendakazi kinachobebwa kama thamani, kwenda nodi nyingine kunadanganya macho. Kinachosafiri ni jina la moduli, alama ya toleo lake na thamani zilizofungwa ndani. Msimbo wenyewe hauendi. Upande wa pili usipokuwa na toleo lile lile, unapata kosa la `badfun`.

Usalama ndio udhaifu wake mkubwa. Mwenye kuki ya nodi, yaani neno la siri ambalo nodi hutambuana kwalo, anaweza kuendesha amri yoyote, na mawasiliano hayafichwi mpaka uwashe usimbaji wa TLS kwa `-proto_dist inet_tls`. Poti 4369, ambayo nodi hutumia kutafutana, isiachwe wazi kwenye intaneti. Mtandao ukififia kimyakimya, kwa mpangilio wa kawaida nodi hutangazwa imepotea baada ya sekunde 45 hadi 75.

Msimbo wa mtu usiyemwamini usiuingize humo kabisa. Huo upeleke WebAssembly, mfumo wa kuendesha programu ndani ya uzio, ambako moduli haigusi faili wala mtandao mpaka mwenye mashine aipe njia.