Kabla hujanunua droni ya kupimia msitu, uliza shata

Mwaka jana kamati ya maliasili ya kijiji chetu huku Kilwa ilinituma ninunue droni ya kupimia msitu wa kijiji. Muuzaji akanisomea megapikseli na dakika za kuruka, nikalipa. Tulipounganisha picha kuwa ramani kwenye programu ya WebODM, mipingo iliyokwisha pukutisha majani ilitoka imepinda, na mpaka wetu na mashamba ya korosho ukakatika vipande. Hela ya kijiji ile. Iliniuma mno.

Kosa lilikuwa shata, yaani namna kamera inavyofungua na kufunga mwanga inaponasa picha. Droni nyingi za bei ndogo zina shata ya kielektroniki, inayosoma picha mstari kwa mstari. Droni ikienda mita 10 kwa sekunde, na kamera ikitumia sehemu moja ya 30 ya sekunde kumaliza picha, mstari wa mwisho unasomwa droni ikiwa imesogea sentimita 33. Kwa video ya harusi hakuna atakayeona. Kwa miombo ya kiangazi, yenye matawi matupu, programu haitambui kwamba tawi la picha hii ndilo lile la picha inayofuata. Shata ya mitambo hunasa picha nzima kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni DJI Mavic 3 Multispectral, na sifichi kwamba naipenda. Kamera yake kubwa ya megapikseli 20 ina shata ya mitambo. Kamera zake nyingine nne ndogo, zinazopima mwanga, ukiwemo ule ambao jicho halioni, na kuonyesha miti iliyoanza kudhoofika, zina shata ya kielektroniki. Ramani ya kuhesabia miti itoe kwenye ile kubwa.

Namba mbili ni Phantom 4 Pro iliyotumika. Ni ya 2016, lakini shata ni ya mitambo. Kagua betri tu, zisiwe zimevimba.

Namba tatu ni droni ya Matrice 350 RTK yenye Zenmuse L2, kifaa cha kupimia kwa leza. Leza yake hupenya kati ya majani ikapima hadi ardhi, jambo ambalo picha haiwezi kwenye vichaka vizito vya pwani. Bei yake kijiji hakiiwezi. Kodisha kwa siku chache.

Droni ndogo za Mini za gramu 249 zinatosha kutazama moto umefika wapi, basi.

Kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kianze kushughulikiwa kabla ya malipo.

Sasa wauzaji. Unatajiwa bei ya droni, ukishalipa ndipo unaambiwa betri za ziada ni hesabu nyingine, wakati msimu wa kusi betri moja haikufikishi popote: kurudi dhidi ya upepo kunaimaliza. Ukiuliza shata, unajibiwa "kamera yake kali, dada". Safari hii nilitaka aina ya shata iandikwe kwenye risiti. Wawili walikataa. Wa tatu aliandika, nikamlipa yeye.